Uamuzi Juu ya Chombo Kilichonyamaza

Mtu akiugua huweza kusema panapomuuma. Chombo kikiugua hunyamaza, na kimya chake huwaacha wenye nacho katika shauri la kubahatisha. Mmoja hukipiga kofi, mwingine hukifungua kwa bisibisi kabla hajakitazama, na wa tatu hukihukumu kifo na kutoa fedha za kununua kipya. Wote watatu wametoa hukumu kabla ya kusikiliza ushahidi. Kutafuta kosa la chombo ni kazi ya uamuzi sawasawa na ile ya baraza la wazee: washitakiwa ni wengi, kila mmoja ana haki ya kupimwa peke yake, na pigo lisiloweza kurudishwa halitolewi kabla ya maswali yasiyodhuru kwisha. Jambo hili huonekana dogo mpaka siku ile kitu kisicho na mfano kinapokuwa kimefungwa ndani ya chombo kilichonyamaza.

Mkoa wa Kagera, katika ufuko wa magharibi wa Ziwa Viktoria, una mti unaofaa kuwa alama ya kazi hiyo. Huko Bukoba na Muleba nyumba ya Mhaya husimama katikati ya kibanja, yaani shamba la migomba na mibuni lililorithiwa kwa vizazi. Kibanja na kibanja havitengwi kwa ukuta. Mpaka hupandwa mlamula, mti mwembamba wenye majani marefu, mgumu kufa, ambao hata kijiti chake kilichokatwa na kuchomekwa ardhini huchipua tena. Jina lake lina mzizi mmoja na neno la Kihaya la kuamua na kusuluhisha. Unaposimama mlamula, majirani wawili hawana haja ya kugombana. Mti umekwisha sema. Walakini mti nao hung'oka, na ukishang'oka hubaki maneno ya watu tu.

Katika nyanda za Kamachumu, wilayani Muleba, aliishi mwalimu mmoja mstaafu aliyekuwa na kompyuta ya mezani, kasha kubwa la zamani lenye draivu ya kusomea santuri. Santuri hapa ni ile sahani nyembamba inayong'aa ambayo watu wa mitaani huiita sidii. Miongoni mwa santuri zake ilikuwamo moja aliyoithamini kuliko zote. Mwaka 2004 binti yake alimrekodi babu yake kwa kaseti, mzee akitaja nasaba ya ukoo, akipita kwa maneno mpaka wa kibanja chao mti kwa mti na jirani kwa jirani, na mwisho akaimba kwa enanga, zeze la Wahaya lenye umbo la chano refu. Miaka miwili baadaye kaseti ilihamishiwa katika santuri moja. Mwaka 2008 mzee alifariki dunia. Kaseti yenyewe, iliyowekwa darini, iliota ukungu ikaharibika, kwani Bukoba na majirani zake hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na unyevu wa nchi hiyo hauna huruma kwa utepe wala karatasi. Sauti ya mzee ikabaki mahali pamoja tu.

Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa 5.9 liliipiga Kagera, likaua watu na kubomoa nyumba nyingi. Nyumba ya ndugu yake mwalimu, mtoto wa baba yake mdogo, ilianguka ukuta mmoja. Mwaka uliofuata ndugu huyo alitaka kujenga upya, na mahali alipochagua msingi palikuwa karibu na mpaka wa vibanja viwili. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba safu ya milamula ilikuwa imekatika kwa hatua nyingi. Mmoja alidai mpaka unapita huku, wa pili kule. Wazee waliokuwa wameushuhudia ulipopandwa walikuwa makaburini. Kikao cha ukoo kikapangwa, na mwalimu akasema kuwa sauti ya mzee itaamua. Alipoiweka santuri katika kompyuta, hakuna lililotokea. Alipotazama orodha ya vifaa vya mashine, draivu ya santuri haikuwamo kabisa, kana kwamba haijapata kuwako.

Ili msomaji aelewe uzito wa kimya hicho, yafaa ajue jinsi santuri inavyosomwa. Chombo hiki kilianza kuuzwa mwaka 1982, kazi ya Philips ya Uholanzi na Sony ya Japani. Upana wake ni sentimita 12, unene wake milimita 1.2. Maandishi yake yamepangwa katika mstari mmoja unaozunguka kama konokono, ukianzia karibu na kitovu na kuishia ukingoni. Ukinyoshwa, urefu wake hupita kilometa 5. Kinachosoma si sindano, kama katika gramafoni ya zamani, bali ni mwanga wa leza unaopenya plastiki kutoka chini, ukagonga tabaka linalong'aa, na kurudi ukiwa na nguvu au ukiwa dhaifu. Katika santuri ya kiwandani tofauti hiyo hutokana na vishimo vidogo mno. Katika santuri iliyoandikwa nyumbani hutokana na rangi iliyounguzwa na leza. Lenzi moja, ndogo kuliko punje ya mahindi, hubeba kazi yote, nayo hupanda na kushuka kila nukta ili mwanga usipoteze mstari.

Kwa hiyo washitakiwa walikuwa watatu. Wa kwanza ni santuri, yaani shahidi mwenyewe. Wa pili ni draivu, sikio linalomsikiliza shahidi. Wa tatu ni mfumo endeshi wa kompyuta na amri zake, karani anayepeleka maneno kutoka sikioni mpaka barazani. Kosa la mmoja huonekana kwa mbali kama kosa la mwingine, na hapo ndipo watu hupotea.

Walikuja wengi kutoa maoni. Jirani mmoja alisema tetemeko limevunja mashine; lakini mashine ilikuwa imesoma santuri nyingine miezi kadhaa baada ya tetemeko, na kwa hiyo ushahidi huo ulianguka wenyewe. Mwingine alinong'ona kwamba mtu mwenye haja na mpaka ameifanyia mashine jambo usiku. Wa tatu, kijana mwenye nia njema, alikuja na dawa ya meno na kitambaa, akitaka kuisugua santuri kwa kuizungusha, kwa kuwa alisikia hivyo ndivyo sidii hufufuliwa. Mwalimu aliikataa dawa hiyo, na uamuzi wake huo ulikuwa na faida kubwa kuliko yote yaliyofuata. Maadam draivu haikuonekana katika orodha, santuri ilikuwa bado haijasomwa wala kukataliwa. Kumsugua shahidi ambaye hajaitwa barazani ni dhuluma.

Kisha akaanza kupima kwa utaratibu. Alibonyeza kitufe, trei ikatoka na taa ndogo ikawaka. Basi umeme ulikuwa unafika. Alizima kompyuta, akachomoa waya wa ukutani, akafungua ubavu wa kasha, na kuvuta kisha kurudisha kebo mbili za draivu, ya umeme na ya habari, maana kebo iliyolegea kidogo huzaa kimya kilekile cha chombo kilichokufa. Alipowasha tena, hali ilikuwa ileile. Akaiwasha kwa mara nyingine na kuingia katika ukurasa ule wa mwanzo unaotokea kabla mfumo endeshi haujaamka, mahali mashine inapohesabu viungo vyake. Draivu ilikuwa imeandikwa humo kwa jina lake. Jibu hili lilikuwa na thamani kubwa: kasha lilimjua mtumishi wake; aliyemkana ni mfumo endeshi. Mwalimu alijua kwamba amefika mwisho wa elimu yake, akasimama hapo. Kusimama nako ni sehemu ya ufundi, na aghalabu ndiyo sehemu inayosahauliwa.

Asubuhi ya pili alipakia kasha lile katika gari dogo la abiria, akalifunga kwa kanga mbili, na santuri akaitia katika mfuko wa koti. Gari likapita Muhutwe na Kemondo mpaka Bukoba, mji uliofunguliwa kama kituo cha Wajerumani na Emin Pasha mwaka 1890. Karibu na soko alikuwako fundi kijana aliyefanya kazi katika chumba kisichozidi upana wa kitanda.

"Shikamoo, Mwalimu," kijana alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimekuletea mgonjwa."

Fundi hakuchukua bisibisi. Aliuliza, "Kabla ya kuugua, Mwalimu, ni kitu gani kilichobadilika katika mashine hii?"

Swali hili ni ufunguo wa milango mingi. Vyombo havina kigeugeu cha moyo; chombo kilichofanya kazi jana na kukataa leo, aghalabu kuna jambo lililopita kati ya siku hizo mbili. Mwalimu alikumbuka kwamba mpwa wake, alipokuja likizo, aliondoa programu ya kuchomea santuri ili kupata nafasi. Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika. Programu za namna hiyo, katika mifumo ya Windows ya miaka ile, zilikuwa na desturi ya kuweka walinzi wao kati ya draivu na mfumo endeshi. Programu ikiondolewa vibaya, majina ya walinzi hubaki katika daftari la ndani la mfumo, ilhali walinzi wenyewe hawapo. Mfumo hufika mlangoni, huita mlinzi, hausikii jibu, hukataa kupita, na draivu nzima husemwa kuwa haipo. Fundi alitoa kwanza nakala ya daftari lile ili akikosea aweze kurudi nyuma, kisha akafuta mistari miwili tu, akaiwasha mashine upya. Draivu ikaonekana.

Hapo mtu mwenye haraka angetia santuri ya mzee. Fundi alitia kwanza santuri ya filamu, ikacheza. Akatia ya muziki iliyotoka kiwandani, ikacheza. Hakufanya hivyo kwa anasa. Santuri za filamu husomwa kwa leza ya nanometa 650, na hizi za zamani kwa leza ya nanometa 780; draivu inaweza kupoteza jicho moja na kubaki na la pili, na mwenye kupima jicho moja tu hudanganyika. Sasa sikio na karani walikuwa wamethibitika kuwa wazima. Ndipo shahidi alipoitwa.

Santuri ya mzee ilizunguka, ikapunguza mwendo, ikaongeza, ikasimama. Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya la kwanza. Fundi aliiinua kuelekea dirishani, upande wa maandishi ukimtazama, na mwanga wa mchana ukapita katika vitundu vidogo karibu na ukingo. Hapo juu palikuwa pameandikwa kwa kalamu ya wino yenye ncha ngumu jina la mzee na mwaka. Watu wengi huutunza upande wa chini unaong'aa na kuudharau upande wa juu, ilhali katika santuri za aina hii tabaka la habari liko juu kabisa, limefunikwa kwa vanishi nyembamba tu. Mkwaruzo wa chini huharibu plastiki, nao huweza kusafishwa au kurukwa. Mkwaruzo wa juu hung'oa neno lenyewe. Mkono ulioandika jina kwa heshima ndio uliomjeruhi mwenye jina.

Ilibaki kuokoa kilichookoleka. Upande wa chini ulikuwa na alama za vidole na vumbi. Fundi aliufuta kwa kitambaa laini chenye maji kidogo, akitoka kitovuni kwenda ukingoni kwa mistari iliyonyoka, kamwe si kwa kuzungusha. Sababu yake ni ya hesabu. Mwaka 1960 Wamarekani wawili, Irving Reed na Gustave Solomon, walitoa kanuni ya kuandika habari pamoja na ziada ya kuzisahihisha, na santuri hutumia kanuni ya ukoo huo. Kwa msaada wake pengo la takriban milimita 2.5 kwenye mstari linaweza kujazwa bila kupotea neno. Mkwaruzo unaokata mistari kwa upana hugusa kila mzunguko kidogo tu, na kila mzunguko hujiponya. Mkwaruzo unaofuata mzunguko hula mstari mmoja kwa urefu, nao haujiponyi. Basi dawa ya meno iliyozungushwa ingeweza kumaliza kazi iliyoanzwa na kalamu.

Kisha fundi aliilazimisha draivu isome polepole, akaacha programu ya kunakili irudie kila sehemu iliyokataa. Kazi ilikwenda mpaka alasiri, ikikatizwa mara moja na umeme. Mwishowe dakika sitini na kitu zilikuwa zimehifadhiwa, na zilizobaki zilirudi kama mchakarisho wa majani makavu. Kwa kuwa mstari wa santuri huanzia ndani na kuishia nje, kilichoharibika ukingoni kilikuwa ni mwisho wa masimulizi. Nasaba ilikuwapo. Mpaka ulikuwapo. Wimbo wa enanga ulikuwa umekwenda.

Mwalimu alisikiliza kwa vipokeasauti, katika chumba kile chembamba, sauti ya Tata, kama Wahaya wamwitavyo baba, ikipita mti kwa mti. Na huko kwenye pengo la milamula, mzee alisema waziwazi kwamba mpaka hauendi moja kwa moja, bali hupinda kuelekea kibanja chake mwenyewe, kwa kuwa yeye na mdogo wake walikubaliana hivyo walipogawana. Ushahidi ulioletwa na mwalimu ulimnyang'anya mwalimu safu tatu za migomba. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa ameusikia.

Kikao kilipokaa, aliucheza wote. Baada ya kimya kirefu ndugu yake alisema, "Kaka, ungetuambia kwamba santuri imekufa, nasi tungeamini."

"Najua," mwalimu alijibu. "Ndiyo maana nimekuja na nakala, na hii yako chukua."

Milamula mipya ikapandwa wiki ileile, ikifuata pindo la mzee.

Mambo mawili yanafaa kupimwa hapa na watu wa elimu. La kwanza ni hili, kwamba kila hatua iliyoleta nuru katika shauri hili ilikuwa hatua ndogo isiyodhuru, na kila hatua iliyotishia kuangamiza ilikuwa ile yenye kishindo. Kubonyeza kitufe, kukaza kebo, kutazama ukurasa wa mwanzo, kutia santuri isiyo na thamani kabla ya ile yenye thamani, kuuliza kilichobadilika; haya yote hayana gharama, na kila moja liliwaondolea lawama washitakiwa fulani na kuwabana wengine. Mwanafunzi wa sheria, wa uganga au wa lugha hapati njia bora kuliko hiyo. Kadhalika, kuponya kosa moja si dalili kwamba hakuna la pili. Mwamuzi aliyelewa ushindi wa kwanza huacha shauri nusu.

La pili ni zito zaidi. Aniceti Kitereza wa kisiwa cha Ukerewe, katika ziwa hilihili, alimaliza kuandika riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945. Muswada ulikaa miaka 35 kabla ya Kiswahili chake kuchapishwa katika mwaka 1980, naye mwandishi akafariki mwaka 1981. Muda wote huo karatasi zile zilihitaji vitu viwili tu ili zisomwe, jicho na mwanga. Santuri huhitaji draivu, lenzi, leza, umeme, mfumo endeshi na daftari lisilo na mlinzi aliyetoroka; kimoja kikikosekana, neno lipo na halipo. Tena kompyuta nyingi za siku hizi hutoka kiwandani bila draivu hiyo. Habibu Selemani, mpiga enanga mashuhuri wa Wahaya aliyefariki mwaka 1993, alipata mtu wa kumwandikia: Mugyabuso Mulokozi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtafiti wa tenzi za enanga, alichapisha makala juu yake mwaka 1997. Wako wapigaji wengine wa vijijini ambao sanaa yao yote iko katika santuri moja, ndani ya kabati, juu yake pameandikwa jina kwa kalamu ngumu.

Basi mwenye santuri ya namna hiyo asingoje chombo chake kinyamaze. Aitoe nakala wakati chombo ni kizima, aiweke mahali pasiopungua patatu, pamoja pawe mbali na nyumba yake, na maneno yaliyomo ayaandike kwa mkono katika daftari la karatasi. Na chombo kikinyamaza kabla hajafanya hivyo, akae chini, aite washitakiwa mmoja mmoja, aanze na swali lisiloumiza. Mlamula uliopandwa vizuri huchipua hata ukikatwa. Sauti ya mtu haina tabia hiyo.